Chokaa Iliyozidi

Habari kwamba Mastro Placido huenda akahamia Argentina zilimfikia Venera Cutroneo kupitia mdomo wa Tindara, na habari zikipita mdomo ule hufika zimeshavaa viatu na kofia. Tindara alikuwa amekaa kwenye benchi la wakata malimau pamoja na wanawake wenzake, kisu mkononi, aproni imelowa, akimenya na kusema bila kupumzisha mkono wala ulimi.

"Binti yake amemlipia meli," alisema. "Santina, yule anayekaa Rosario, huko Argentina. Anasema baba njoo, nyumba ni kubwa na wajukuu wanataka mgongo wa kupanda. Sasa mzee wa watu yuko njia panda."

"Nani kakuambia?" Venera aliuliza, akijikaza aulize kama mtu anayeuliza bei ya kuni.

"Mwenyewe kamwambia kinyozi. Na kinyozi wetu, Donna Venera, ukimwambia kitu bora ungepanda mnarani ukapiga kengele."

Wanawake wakacheka. Venera akacheka nao kidogo, kwa adabu, kisha akaingia ndani kana kwamba ana jambo la kufanya. Nyuma ya mlango alisimama ameegemea ukuta mpaka kicheko cha nje kikaisha.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hajaolewa, mwenye sauti ya kuamrisha na nywele ambazo hakuna mtu kijijini pale Fiumarella aliyepata kuziona nje ya kitambaa cheusi. Baba yake, Don Letterio, alimwachia nyumba ya juu, deni moja ambalo alikwisha kulilipa, na kiwanda cha chini ambacho kilikuwa na sufuria moja ya shaba ya kumeza ng'ombe mzima, kinu cha kukamulia, na chumba cha kukaushia sitrati.

Wasioijua sitrati waelezwe sasa hivi, nisirudie tena. Maji ya limau hayakubali safari. Yatie kwenye pipa uyapeleke Uingereza, yatafika yana ukungu na kunuka. Lakini yachemshe, uyamiminie maziwa ya chokaa kidogo kidogo, na uchachu wote utashikana na chokaa na kuzama chini ukiwa unga mweupe, usio na harufu, usio na ladha, usiooza. Hiyo ndiyo sitrati ya kalsiamu. Ikishakauka inatiwa mapipani na kwenda popote duniani, na huko iendako wanaimwagia tindikali kali, chokaa inaachia, na uchachu wa limau unarudi ulivyokuwa, tayari kwa soda, kwa dawa ya kikohozi, kwa kupaka rangi vitambaa. Miaka ile, peremende iliyomkunja mtoto uso huko London au Hamburg, ukiifuatilia nyuma, ungefika kwenye sufuria za pwani yetu ya Messina.

Kazi yenyewe ina masharti. Sitrati lazima ichujwe ingali ya moto, kwa sababu imezaliwa kinyume na vitu vyote. Sukari hupenda maji ya moto; sitrati hupenda ya baridi. Ukizubaa sufuria ikapoa, sehemu yake inarudi majini nawe unaimwaga mferejini huku unaangalia. Na chokaa lazima isimamishwe mahali pake. Ikipungua, uchachu unabaki ndani ya maji na kupotea bure. Ikizidi, inazoa na takataka zote za limau, unga unakauka ukiwa wa njano na harufu ya ukuta mpya, na hakuna dalali wa Messina atakayeugusa hata kwa fimbo. Viwanda vingine vilitumia karatasi za kupimia zinazouzwa duka la dawa. Kwa Cutroneo palikuwa na ulimi wa Placido.

Placido Irrera alikuwa mpishi wa sitrati tangu enzi za Don Letterio, ndiyo maana aliitwa Mastro, kama anavyoitwa fundi yeyote aliyeiva. Alichovya kijiko cha mbao kwenye sufuria, akapuliza, akaonja, akafumba macho. "Ongeza," alisema, na Venera akamimina bakuli la chokaa. "Ongeza. Polepole." Kisha, "Basi." Likishasemwa neno hilo, hakuna aliyeruhusiwa kuonja tena, si maji yale wala unga ule, mpaka utoke kwenye chumba cha kukaushia. Kuonja nyuma ya mpishi ni kumwita mwongo mbele ya watu. Desturi hiyo ilikuwa ya pwani nzima na watu wameshapigana ngumi kwa ajili yake.

Basi hao wawili walisimama hivyo, yeye upande huu wa mvuke na yule upande ule, miaka nenda miaka rudi. Mke wa Placido alikufa na ile homa iliyokuja baada ya vita, na Venera alimlilia kwa haki kabisa, maana alikuwa mwanamke mwema. Halafu Santina akaolewa akavuka bahari. Halafu mambo yakatulia, na Venera akajikuta anasikiliza hatua za mtu kwenye mawe ya ngazi kila asubuhi na kuzijua kabla mbwa hajazijua.

Alimpenda. Hakuna haja ya kuzungushazungusha. Alimpenda na hakusema, kwa sababu mwenye kiwanda hawezi kumwambia mpishi wake maneno kama hayo, na kwa sababu kila adhuhuri Placido alivua kofia, akasema "kwa idhini yako, Donna Venera," akaenda kula mkate wake na zeituni kwenye benchi la mlangoni, naye Venera akala mkate uleule na zeituni zilezile mezani penye dirisha, mlango ukiwa wazi ili Fiumarella yote ione kwamba hakuna cha kuonwa. Jioni alipanda nyumba ya juu akapika maharage kwenye sufuria ndogo kuliko zote jikoni, na bado yalibaki.

Ndiyo maana siku ile hakuweza kungoja. Mvuke ulipoanza kupanda alimuuliza bila kumtazama.

"Nasikia unaenda kwa Santina."

"Kinyozi yule!" Placido alisema. "Siku moja nitamnyoa mimi, na sitamwachia masikio. Sijaamua, Donna Venera. Nimesema nitajibu baada ya Pasaka."

"Unafikiria nini?"

"Nafikiria mengi. Biashara yenyewe unaiona. Huko Amerika wanalisha ukungu sukari, na ukungu unawatapikia uchachu bila hata limau moja. Sijui mtu anawezaje kunywa kitu kama hicho, lakini wanakunywa." Alikoroga, kisha akasema, "Na afya nayo. Wakati wa sherehe za Karnivali, kabla ya Kwaresima, nilipata mafua mpaka nikala dagaa nikadhani natafuna kofia yangu."

"Mafua yanapita."

"Yamepita. Lakini nitakuambia jambo moja. Nikienda au nisipokwenda, sufuria ya mwisho ya msimu nataka iwe nyeupe kuliko zote. Mtu haondoki akaacha pipa baya nyuma yake. Hilo sitalifanya hata Santina aje kunivuta kwa kamba."

Venera alijua kwamba hasemi kujisifu. Mwaka mmoja, chokaa chafu kutoka tanuri la mlimani iliwaharibia kazi, na Placido akakataa kwenda harusini kwa ndugu yake wa kuzaliwa mpaka walipopika sufuria nyingine na kuiona imetoka sawa. Ndugu yake hajamsamehe mpaka leo.

Neno lile lilimwingia Venera na halikutoka. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo misani. Pipa baya. Bustani za juu bado zilikuwa na malimau ya kutosha sufuria moja au mbili. Kama ya mwisho itaharibika, atabaki apike nyingine. Itafika Mei, joto litaanza, na meli ya baada ya Pasaka itakuwa imeshakwenda. Na mtu aliyeikosa meli moja anaweza kuikosa nyingine. Alijua kwamba ni upuuzi. Alijua pia kwamba hakuwa na kitu kingine mkononi, na mwanamke aliyekaa kimya muda wote ule hajui tena pa kuanzia kusema. Anajua kazi tu, basi anashika kazi.

Siku ya sufuria ya mwisho ilikuwa ya jua na upepo. Placido alifika mapema, amenyoa, shati limepigwa pasi kama la kipaimara. Walichemsha, wakatoa povu, wakaanza chokaa. Alionja mara nyingi kuliko kawaida yake, amefumba macho muda mrefu, na Venera akamtazama bila hofu kwa kuwa macho yale yalikuwa yamefumbwa. Nyusi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Kwenye shavu palikuwa na kovu la moto alilolipata siku ya kwanza kabisa aliyofanya kazi pale, kijana wa kazi wa Don Letterio, asiyejua kusimama mbali na sufuria.

"Basi," alisema Placido.

Akaweka kijiko, akachukua magunia ya kitani ya kuchujia, akatoka kwenda kuyasuuza kwenye birika la nje, kama ilivyo kazi ya mpishi baada ya neno lile. Venera alibaki peke yake na sufuria. Alimsikia Tindara akimtania kule nje, "Mastro, umenukia, unaoa?" na yeye akijibu kitu, na wanawake wakiangua kicheko.

Alichota bakuli la chokaa akamimina. Alimimina la pili. La tatu alilimimina kwa sababu mkono ulishakosa adabu na haukusikia mtu. Kisha akakoroga vizuri, akaosha bakuli, akalipindua mahali pake, na Placido akaingia na magunia yanayochuruzika.

"Tuchuje," akasema, "kabla haijapoa."

Wakachuja. Sitrati mbichi yote ina rangi ya maziwa, na mvuke ulikuwa umejaa mpaka darini. Waliimwagia maji ya moto mara ya kwanza na ya pili, wakaikamua, wakaitandaza kwenye sinia za mbao na kufunga mlango wa chumba cha kukaushia. Placido akajipangusa uso. "Nzuri," alisema. "Naiona nzuri." Venera alikwenda kuangalia moto, akakaa huko mpaka mpishi alipoondoka.

Siku ya kufungua, Venera alisimama kwenye ngazi. Alikuwa ameshaandaa la kusema: bahati mbaya, Mastro, lakini malimau yapo, tutapika nyingine. Alikuwa amelisema peke yake chumbani mpaka likawa linatoka bila kujikwaa.

Placido alifungua mlango akaingia. Alikaa ndani muda mrefu, kisha akaita kwa sauti ndogo, "Donna Venera. Njoo uone."

Unga ulikuwa wa njano, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Harufu ya ukuta mpya ilijaa chumba. Placido alikuwa na chembe kidogo kidoleni na alikuwa ameshaionja.

"Labda chokaa ilikuwa chafu," Venera akaanza.

"Chokaa niliichuja mwenyewe."

"Bahati mbaya. Malimau ya juu yapo, tunaweza..."

"Imezidi," alisema. "Imezidi sana. Si kosa dogo la kuteleza mkono. Hata mtoto angeisikia." Akakaa juu ya pipa tupu, akavua kofia. "Nami nilisema basi."

Hapo Venera aliona kwamba mambo yanakwenda kusikotarajiwa, lakini alikuwa hajajua ni wapi.

"Leo unaisikia?" aliuliza.

"Leo naisikia sawasawa. Siku ile sikuisikia. Ndiyo ubaya wenyewe. Ulimi uliokufa moja kwa moja unaujua, unaagana nao. Huu wa kuja na kuondoka utanidanganya kila siku." Aliigeuza kofia mikononi. "Tangu yale mafua nilikuwa na hofu, sikukuambia. Nilikuwa naonja mara tatu pale ambapo zamani ningeonja mara moja. Unajua nilikuwa nimeshaamua kubaki?"

Venera alishika ukingo wa sinia.

"Nilikuwa nimeshaamua. Nilishamwambia padri, baada ya Pasaka tumwandikie Santina, tumwambie asante mwanangu, lakini baba yako bado ana kazi. Nilijiambia kwamba maadamu ulimi upo, nitakaa. Kule nitakuwa mzee wa barazani anayengoja kuitwa mezani. Hapa mimi ni mtu. Basi, Mungu amenionyesha mapema kabla sijakufilisi." Akasimama. "Hasara ya sufuria hii nitakulipa."

"Usinilipe chochote!" Venera alisema kwa ukali hata yeye mwenyewe akashtuka, naye Placido akadhani amekasirishwa na hasara, akainamisha kichwa na kutoka.

Pale ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, mtu alikuwa uani bado, hatua kidogo tu. Akaanza kukusanya sinia, na mtu akaenda zake. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo isipokuwa yeye mwenyewe, na kazi hiyo aliifanya vizuri usiku na mchana.

Fiumarella ilijua kabla ya jioni. Wanaume walimpa Placido viti mbele ya duka la mvinyo kama wanavyompa mfiwa. Tindara alimpelekea supu, akarudi kiwandani akiwa hana hata utani mmoja.

"Kaniomba nimwonjee chumvi," aliwaambia wenzake. "Mastro Placido. Kaniuliza mimi, Tindara, ambaye mume wangu anasema napika kama askari. Kaweka kijiko mdomoni, kakitoa, kaniangalia, kasema 'naona iko sawa, au?' Nilitaka kulia."

Venera alisikia yote yale akiwa kwenye kinu. Aliogopa kumpoteza Placido, na sasa alikuwa anampoteza na kumharibu pia. La kwanza lilikuwa uchungu wake mwenyewe. Angeweza kulibeba, ameshazoea. La pili hakuweza.

Jumapili ya Pasaka, baada ya chakula, alivaa viatu vya misa akashuka barabara ya katikati mpaka nyumbani kwa Placido Irrera, mjane, mchana kweupe, peke yake. Mapazia yalisogea nyumba hadi nyumba. Kikongwe mmoja alijivuta na kiti chake mpaka kizingitini ili asikose kitu. Venera alimsalimia, akabisha hodi.

Placido alikuwa anafunga vitu kwenye shuka. Kuku wake mmoja alikuwa ndani ya kapu, tayari kwenda kwa jirani.

"Donna Venera! Huku? Kuna nini, moto?"

"Hakuna moto. Kaa."

Akakaa. Yeye alibaki amesimama, kwa sababu alijua akikaa hataweza.

"Ulimi wako ni mzima," alisema. "Ulisema basi mahali pake. Ulipotoka kusuuza magunia nilitia chokaa nyingine. Ni mimi."

Placido alimtazama. Swali lililomtoka lilikuwa la mpishi. "Kiasi gani?"

"Mabakuli matatu."

Alifikiri, midomo ikicheza. Kwa muda mdogo sana Venera aliona kitu kinapita usoni mwake, hesabu inayoelekea kukubali. Kisha uso ukalegea, akatabasamu, na tabasamu lile lilimtia Venera baridi.

"Matatu," alisema. "Umepiga hesabu vizuri. Ni kama hayo kweli, kwa rangi ile."

"Sikupiga hesabu. Nakuambia nilichofanya."

"Wewe? Donna Venera Cutroneo aharibu sitrati? Mvua ilipolilowesha pipa moja ulikaa siku nzima hujala. Ukiniambia kanisa limeshuka lenyewe kwenda kuogelea nitaamini upesi zaidi."

"Placido, nilifanya."

"Haya, kwa nini?"

Kuku alijigeuza kapuni. Nje, kiti cha kikongwe kilikwaruza mawe.

"Ulisema mtu haondoki akaacha pipa baya," Venera alisema. "Nikatengeneza pipa baya, ili ubaki."

"Nibaki nipike. Wapishi wapo. Ciccio wa Scaletta anatafuta kazi, na karatasi za kupimia zinauzwa."

"Sitaki mpishi!" Sauti ilipanda, akaiacha ipande; mtaa na usikie. "Sikuharibu kwa ajili ya sufuria. Nilitaka ubaki kwa ajili yangu mimi. Nakupenda. Nimekupenda nikiwa upande wa pili wa ule mvuke, kila siku ya Mungu, na sikuwa na ujasiri wa kusema, ndiyo nikafanya upumbavu ule. Sasa nimesema."

Macho ya Placido yalijaa polepole mpaka yakamwagika, na hakuyapangusa. Alisimama, akachukua mkono wa Venera kwa mikono yake miwili, akaubusu kama mtu anavyobusu mkono wa askofu.

"Hata hilo," alisema. "Hata hilo umekubali kulisema. Umekuja hapa kwa miguu, madirisha yote yakikutazama, umechafua jina lako, ili mimi nisiondoke na aibu."

"Si huruma. Placido, si huruma. Leta siki, leta limau, leta chochote uonje, nikuonyeshe!"

"Leo upo. Nilikuambia, unakuja na kuondoka."

"Nitazame usoni."

Akamtazama. Alimtazama vizuri, kwa upendo hata, upendo wa mtu kwa mwenye nyumba aliyemtendea haki maisha yake yote, na Venera akatafuta kwenye macho yale mahali pa kuingilia asipaone. Miaka yote ile alikuwa amejificha kwa bidii, na amejificha vizuri mno.

"Hakuna mtu aliyepata kunidanganya kwa wema hivi," Placido alisema. "Nitakwenda nalo hili mpaka kaburini."

Meli ilikuwa inaondoka Messina katikati ya wiki. Fiumarella nzima ilishuka kituo cha treni kumsindikiza, kama tunavyofanya kwa kila anayevuka bahari, na mikate, na jibini, na vilio vingine vya kweli na vingine vya kusaidia. Desturi ni kwamba anayeondoka aseme neno. Placido alipanda kwenye ngazi ya behewa, akavua kofia.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nina jambo moja tu. Mmesikia ulimi wangu uliniangusha. Sasa mjue nani aliniinua. Donna Venera yule pale, ambaye nimemharibia sufuria nzima, alikuja mpaka kwangu Jumapili ya Pasaka akaniapia kwamba ni yeye aliyezidisha chokaa. Alitunga na sababu. Alisema ananipenda! Donna Venera! Ili mzee asiende na uchungu. Mwenye moyo kama huo mmtunze, maana mimi sitakuwepo."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi na wote wakafuata. Wanawake waliokuwa wamesogeza mapazia siku ile walijipangusa macho. Padri alimwinamia Venera kichwa kutoka mbali. Kikongwe wa kizingitini alimshika bega na kumwambia Mungu amemwona. Treni ikapiga filimbi, ikavuta, na Placido akapunga kofia mpaka kwenye kona ya shamba la matete, mpaka mkono wake haukutofautika tena na mikono ya wengine.

Venera alipunga mkono muda wote. Watu walipoanza kupanda kurudi, Tindara alimshika mkono, akatembea naye pole pole, nyuma ya wengine.

"Umefanya jambo kubwa," Tindara alisema. "Kweli nakuambia. Mimi nina mdomo, lakini uongo kama ule nisingeuweza." Akafikiri hatua kadhaa, kisha ule utani wake ukamrudia, akamsukuma kidogo na kiwiko. "Lakini hilo la mapenzi, mama wee! Ulilitoa wapi?"

"Lilinijia tu," Venera alisema.

Tindara akacheka mpaka akasimama njiani, na Venera akamngoja amalize.